Usiibiwe jina lako mtandaoni: mwongozo kamili kutoka steshenari ya Ngamiani

Mwezi uliopita nipo stendi ya Kange hapa Tanga nasubiri mgeni, nikanunua karanga za mia tano, zile za kufungiwa kwenye karatasi kama pembe. Nimemaliza kula nakunjua karatasi niitupe, naona sura ya mdada inaniangalia. Ni kopi ya fomu, juu imechanika hata sijui ilikuwa ya maombi gani, ila majina yake matatu yapo, namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, ipo yote, namba ya simu, jina la mama, mtaa anaokaa, na sahihi chini. Zote hizo kwa karanga za mia tano.

Mimi nina kasteshenari kangu Ngamiani, mwaka wa tisa huu, naskani, naprinti, najazia watu fomu, kwahiyo najua kabisa karatasi kama ile inatokaga wapi. Watu wakisikia kuibiwa utambulisho mtandaoni wanamfikiria kijana kajifungia gizani na kompyuta tatu. Hamna. Kwa niliyoyaona mimi, wanaoibiwa jina mara nyingi wamelitoa wenyewe kipande huku kipande kule, na mwizi kazi yake inabaki kuunganisha tu kama mtu anayeshona khanga.

Huu mwongozo una mpangilio, usianze na WhatsApp kwasababu ndo unaipenda. Anza na laini, alafu imeili, alafu hayo mengine, ntakueleza kwanini tukifika. Tenga saa moja na nusu, simu iwe na chaji, na kitambulisho chako kiwe mkononi.

Kwanza jua wanachotafuta

Vitu vyenyewe havizidi sita: namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, jina la mama, picha ya sura yako, na zile namba sita zinazoingia kwa meseji ukifungua akaunti. Akivipata anaweza kuwa wewe kwa wakala, kuwa wewe kwa huduma kwa wateja, kuwa wewe kwa ndugu zako, au akakopa kwa jina lako wadai wakaja kukutafuta wewe uliyelala zako.

Sasa kiangalie hicho kitambulisho. Namba ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka kwanza, mwezi, alafu siku. Yani mwenye kopi yako hana haja ya kukuuliza umezaliwa lini. Haya niambie, PIN yako ya pesa za simu ni ngapi? Kama ni mwaka uliozaliwa, na wateja wangu wengi tu ndo wanavyofanya, wananitajia kwa sauti hapo kaunta na foleni nzima inasikia, bas jua umeiandika PIN yako kwenye kila kopi uliyowahi kumpa mtu. Kaibadilishe kwanza ndo uendelee kusoma. Na usiweke mwaka wa mtoto, cheti cha mtoto nacho unakileta kuskani.

Hatua ya kwanza: laini

Laini ndo ya kwanza kwasababu vitu vyote vingine ukisahau paswedi vinakutumia meseji kwenye namba yako. Mwenye namba ndo mwenye akaunti. Na tangu ule usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019, namba imefungwa na NIDA yako, kwahiyo kinachofanywa na laini iliyosajiliwa kwa jina lako kinakuhusu upende usipende.

Piga *106#. Menyu itakuja, chagua pa kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, fuata maelekezo. Kama una laini za mitandao miwili mitatu rudia kwenye kila moja. Ukiona namba usiyoijua usiipigie kuuliza wewe nani, andika pembeni, alafu nenda na kitambulisho chako kwenye duka lenyewe la mtandao huo, sio kwa wakala wa mwamvuli, waambie hii sio yangu naomba iondolewe, utaweka kidole itatolewa.

Hizo laini za ajabu zinaingiaje? Mchezo wa zamani huo. Unaenda kusajili laini kwa mtu barabarani, unaweka kidole, anakwambia hakijasoma dada weka tena. Unaweka. Anafuta kioo kwa shati, haya mara ya mwisho. Wewe unaondoka na laini moja, yeye kabaki na nyingine imesajiliwa kwa jina lako, na hiyo ndo itakayotumika kutumia watu zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii. Sio mawakala wote jamani, kuna watu wanafanya kazi yao safi, ila kidole chako ukiambiwa hakijasoma omba uone skrini. Imeandika nini? Kama hataki kukuonyesha, chukua kitambulisho chako nenda zako.

Pili, weka PIN kwenye laini yenyewe, tofauti na PIN ya kufungulia simu na tofauti na ya pesa. Ingia kwenye setingi za usalama za simu tafuta kufunga kadi ya simu (SIM lock). Faida yake mtu akikuibia simu akachomoa laini akaipachika kwenye simu nyingine, laini itamuuliza PIN. Wengi hawalijui hili, wanafunga simu kwa alama ya kidole wakati laini iko wazi, mwizi anaitoa kwa sindano. Ila angalizo: laini mpya inakuja na PIN ya kiwandani, imeandikwa kwenye lile kadi lake, mara nyingi 0000 au 1234. Ukikosea mara tatu inajifunga na itataka PUK, ile namba ndefu ya kuifungulia laini, nayo ipo kwenye kadi hilohilo ambalo najua ulishalitupa. Kama hulioni, usibahatishe, piga huduma kwa wateja kwanza.

Tatu, jifunze dalili. Upo Raskazone unakula upepo, mtandao unakata ghafla, jirani yako wa mtandao uleule anaongea vizuri, umezima umewasha na bado hamna kitu. Usiseme mtandao leo mbovu. Inawezekana kuna mtu amekwenda kurudisha laini yako kama vile imepotea, na ya kwako imekufa. Azima simu ya mtu yuleyule wa mtandao wako, piga 100, waambie wafunge laini na akaunti ya pesa hapohapo.

Hatua ya pili: imeili

Hapa nina la kukiri. Miaka ya mwanzo wanafunzi wakija kujaza fomu za mkopo au maombi ya ajira hawana imeili, mimi nawafungulia fasta maana foleni ndefu. Paswedi nilikuwa naweka ileile kwa wote, jina la mji na mwaka. Namba ya kurudishia akaunti kwa wasio na simu naweka ya kwangu. Yani mpaka leo kuna watu wazima wana kazi zao mjini Dodoma huko ambao imeili yao mimi naweza kuifungua nikitaka. Sifungui, ila ningekuwa mtu mwingine je? Na mimi sio mwenye steshenari pekee aliyefanya hivo.

Kwahiyo kama imeili yako ulifunguliwa na mtu, iwe steshenari, iwe duka ulikonunua simu, iwe shemeji, fanya hivi leo. Ingia kwenye myaccount.google.com, nenda sehemu ya usalama. Badilisha paswedi. Usihangaike na maalama ya @ na $ kwenye jina la mtoto, hayo yanabahatishwa kirahisi kuliko unavyodhani, urefu ndo unaosaidia: unga maneno manne matano yasiyohusiana yanayokuchekesha wewe, mfano vitumbua-jogoo-ngazi-Sahare-mvua. Sio hiyo, hiyo nimeshaianika, tunga ya kwako. Na isifanane na ya Facebook wala ya popote, maana paswedi ikivuja sehemu moja wanaijaribu kila mahali.

Hapohapo kwenye usalama angalia namba ya kurudishia akaunti. Ni ipi? Kama ni ile laini ya zamani uliyoiacha tangu upo sekondari, iondoe, kwasababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na baadae namba inauzwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu siku akiamua anaomba paswedi ya imeili yako na meseji inaingia kwake bila hata kuiba kitu. Angalia na orodha ya vifaa vilivyoingia. Ukiona kompyuta ya Windows wewe hujawahi kumiliki kompyuta, hiyo ni ya kwetu huku steshenari uliiacha wazi, itoe.

Alafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, yani paswedi peke yake haitoshi kuingia, inatakiwa na namba ya pili. Kama unaweza tumia programu ya kutoa namba, kama Google Authenticator, kuliko meseji, maana laini ikiibiwa meseji zinaenda nayo. Itakupa pia namba za akiba, ziandike kwenye karatasi uweke ndani na vyeti, usizipige picha.

Kitu kingine ambacho wengi wanaruka: kwenye setingi za Gmail, fungua kwenye kompyuta, tazama sehemu ya kusambaza barua (Forwarding) na sehemu ya vichujio (Filters). Mwizi mzuri habadilishi paswedi yako, utashtuka. Anaweka tu maelekezo kwamba kila barua iende nakala kwake, anakaa anasoma kimya kimya miezi. Ukikuta anwani usiyoijua, futa.

Na ukitaka kujua imeili yako imeshavuja wapi, ipo tovuti ya haveibeenpwned.com ya jamaa wa Australia, Troy Hunt, ipo tangu 2013. Unaandika imeili tu, inakwambia ilivuja kwenye kampuni gani. Haikuulizi paswedi, na tovuti yoyote ya namna hiyo ikikuuliza paswedi toka.

Hatua ya tatu: WhatsApp

Mama mkubwa wangu wa Makorora ni mhazini wa kikoba. Siku moja jioni, baada ya alasiri, anapigiwa na kijana sauti ya adabu kabisa. Shikamoo mama, mimi natokea kwenye lile grupu lenu, tunawaunganisha wanachama kwenye kikao cha mtandaoni, utaona namba sita zimeingia kwenye meseji nisomee mama ili usipitwe. Akataja na jina la mwenyekiti, akataja na la katibu. Mama mkubwa akavaa miwani, akamsomea moja moja taratibu, na akamrudia mara ya pili kuhakikisha mtoto wa watu kaandika sawa.

Hayo majina aliyapata wapi? Alishamwibia mwanachama mwingine asubuhi yake, kwahiyo yupo ndani ya grupu anaona wote. Ukiingia WhatsApp ya mtu kwenye simu nyingine huoni mazungumzo yake ya zamani, yapo kwenye simu ya mwenyewe, ila magrupu unayakuta na meseji mpya zinakujia wewe.

Dakika chache baadae kwenye grupu ikaingia meseji kutoka kwa "mama mkubwa": habari za jioni ndugu zangu, nimekwama, naomba mwenye 150,000 anitumie kwenye namba hii nitarudisha kesho saa nne. Wanne wakatuma. Wa tano ni shoga yake wa siku nyingi, yeye akasita, kwasababu mama mkubwa haandiki. Tangu anunue ile simu hajawahi kuandika meseji, anatuma sauti tu, na kila sauti inaanza na kikohozi kidogo alafu asalaam alaykum wapenzi wangu. Akampigia simu ya kawaida. Ndo ikajulikana.

Sasa fanya haya. Fungua WhatsApp, nenda mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, washa, weka PIN ya tarakimu sita ambayo sio ya pesa, na uweke na imeili yako uliyoisafisha hapo juu, unaona sasa kwanini nilisema imeili itangulie. Ukishafanya hivo hata ukimsomea mtu zile namba za meseji bado atakwamia kwenye PIN. Ingekuwepo kwa mama mkubwa, yule kijana angeondoka patupu.

Kisha nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kila kifaa usichokijua kitoe. Mtu akishika simu yako nusu dakika anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na wengine wanaunganisha wenyewe wakija kuprinti alafu wanaondoka bila kulogaut. Mimi asubuhi nikiwasha kompyuta nakuta WhatsApp ya mtu ipo wazi, mume wake anamuuliza wanunue samaki gani Deep Sea.

Kuna na mtego mwingine usioujua: unapigiwa unaambiwa laini yako ina tatizo, bonyeza *21* alafu namba fulani alafu alama ya reli. Ukibonyeza, simu zako zote zinahamia kwenye namba hiyo. WhatsApp wanaweza kukusomea zile namba sita kwa kukupigia badala ya meseji, kwahiyo zinasomwa kwake. Angalia kwa kupiga *#21#, na kufuta uhamishaji wote piga ##002#.

Kama ameshaingia, usilie kwanza. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, andika namba yako, omba namba sita upya, ziweke. Hapo yeye anatolewa palepale. Anaweza akawa ameweka PIN yake ya hatua mbili ili akucheleweshe, itabidi usubiri siku 7 ndo uingie bila hiyo PIN, lakini katika hizo siku na yeye hayupo ndani. Wakati unasubiri waambie watu kwa sauti yako, piga simu, tuma mtu kwenye kikoba, usitumie meseji maana nani ataiamini.

Makaratasi na picha

Hapa nakwambia kama mwenye mashine. Ukileta kitambulisho kuskani, faili linabaki kwenye kompyuta yangu mpaka mtu alifute. Simama mpaka uone limefutwa, na kapu la takataka nalo limwagwe. Mwenye duka akikasirika, usirudi kwake. Kama umetuma kwa WhatsApp ya duka mwambie akafute na huko, na kama umekuja na flashi hakikisha hajanakili kwenye desktopu. Nakala mbovu zilizotoka na wino hafifu usiziache kwenye ndoo, zichane, ndo zinazofungia karanga.

Kopi ya kumpa mtu, piga mistari miwili ya mshazari juu yake na uandike katikati yake inatumika kwa ajili gani na tarehe: kwa usajili wa kitu fulani tu, tarehe fulani. Isizibe namba wala sura. Haimzuii mwizi asilani, ila akiipeleka sehemu nyingine inamuumbua. Na picha za kitambulisho zilizopo kwenye galari ya simu zitoe, zipitie picha zote, ukiona kitambulisho chako mara sita jua na atakayeiokota simu ataviona hivyo sita.

Fundi simu vilevile. Toa laini, toa memori kadi, na usimwachie namba ya kufungulia simu kama tatizo ni chaji.

Alafu status. Vijana, mkipata kitambulisho mnakianika, mkipata cheti mnakianika na namba zake, siku ya kuzaliwa mnaweka mpaka mwaka. Furaha naielewa, weka picha ya keki.

Programu za mikopo

Fupi tu. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Kabla ya kupakua angalia kama mkopeshaji ana leseni ya BoT. Ikiomba ruhusa ya majina yote kwenye simu yako, picha zako na meseji zako ili ikukopeshe elfu thelathini, hiyo imeshakununua kwa elfu thelathini. Na selfi umeshika kitambulisho usimtumie mtu yeyote kwenye WhatsApp, hiyo picha ndo inafungulia akaunti.

Ukishapigwa

Usifute kitu. Piga skrinshoti za meseji, namba iliyokupigia, na namba za kumbukumbu za miamala. Kisha piga 100 kufunga pesa, na benki kama imehusika. Dakika za mwanzo ndo zenye hela, baada ya hapo imeshatolewa kwa wakala.

Meseji ya utapeli ielekeze kwenda 15040, utajibiwa utume na namba iliyokutumia. Nenda polisi, iwe Chumbageni au kituo kilicho karibu na wewe, chukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi, bila hiyo sehemu nyingi hawakusikilizi. Ukifika sema mtu amejifanya mimi kwa mtandao, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 15 kinalizungumzia hilo moja kwa moja. Na kama taarifa zako zimevujishwa na ofisi au kampuni uliyoipa, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inasimamia sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, unaweza kuwalalamikia. Fomu unajaza, uje tu nikuskanie, nitafuta mbele yako.

Wale wanne wa kikoba hela haikurudi. Mama mkubwa akawalipa mwenyewe kidogo kidogo miezi mitano, mwizi hajawahi kupatikana.

Na yule mdada wa kwenye karatasi ya karanga, nilimpigia. Nikamsalimia, nikamwambia dada nimeokota fomu yako stendi ina namba yako ya NIDA, sijafika hata nusu akaniambia kajaribu kwa mwingine baba, akakata. Nikapiga tena, kanibloku. Karatasi niliichoma jikoni.